Jamu Si Urefu wa Safari

Haya jamani, leo naiweka kodi kando kidogo. Nina neno kuhusu jamu.

Nakaa Umoja, nafanya kazi Westlands. Kurudi nyumbani ni matatu mbili: moja hadi mjini, ya pili inapita Jogoo Road, Donholm, kisha Outering. Siku njema ni saa moja na kidogo. Mvua ikinyesha ni saa mbili na nusu, na nauli nayo imepanda. Mwaka 2011 kampuni ya IBM ililinganisha mateso ya wasafiri katika majiji 20, Nairobi ikawa ya 4. Sibishi. Ila naona tunalilia kitu kisicho chenyewe.

Ukiwa mwandishi wa programu utanielewa. Seva inayojibu kwa sekunde 3 kila mara unaweza kuishi nayo. Inayokutoa jasho ni ile ya nusu sekunde leo, 20 kesho, kesho kutwa kimya. Mwishowe unaiwekea muda wa kusubiri, ukipita unakata. Basi binadamu nao hufanya hivyo hivyo.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo anakaa Buruburu. Kila jioni matatu yangu hupita karibu na kwake. Mwaka jana alifiwa na baba. Mkutano wa kupanga mazishi ulikuwa saa moja usiku, na orodha ya michango nilikuwa nayo mimi. Nilitoka kazini saa kumi na moja. Saa mbili kasorobo bado niko mzunguko wa City Stadium, simu asilimia 4, makanga anasema "tunasonga, tunasonga". Nikashuka nikatembea kwenye mvua. Nilipofika wazee walikuwa wanakunja viti. Hakunilaumu, na hapo ndipo paliponiuma. Alisema tu, "Najua, ni jamu." Siku hizi kwao kukiwa na jambo, napata habari likishapita.

Nami nimebadilika. Nikialikwa popote, hata Jumamosi barabara ikiwa nyeupe, jibu langu ni "tutaona".

Outering ilipanuliwa. Barabara ya Expressway ilifunguliwa 2022, lakini hiyo inatoka Mlolongo hadi Westlands. Sisi wa Jogoo Road tunaisoma magazetini. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walitoa ramani ya njia za matatu, mradi wa Digital Matatus, kazi safi kabisa. Njia zimo, steji zimo. Ratiba ya saa haiwezi kuwemo, kwa sababu gari linaondoka likijaa. Mimi ningeanzia hapo: gari liondoke kwa saa, lijae lisijae, na lipewe njia yake. Hata likichukua saa mbili, ziwe mbili kila siku, nimwambie mtu saa ya kufika.

Jumapili iliyopita nilienda Buruburu kwa miguu. Nilimwambia saa tisa, nikabisha saa tisa. Nilimkuta bado hajaoga.