FUNDI CHUMA, NAWE UNA MIZANI



Ndugu zangu katika imani, tukisoma Suuratul Mutwaffifiin akili zetu hukimbilia kwa muuza mchele na muuza nyama. Leo tumtazame mtu tusiyemtaja mimbarini: fundi wa mashine ya CNC, anayechonga vipuri vya chuma kwa mashine inayoongozwa na kompyuta.

Kazi yake yote ni kipimo. Mteja ameleta shafti ya kinu cha kusaga, anataka mpya, mahali pa beringi pawe milimita 40. Hapo tunazungumzia sehemu za mia za milimita, kitu chembamba kuliko unywele. Shafti ikipungua sehemu tano tu za mia, beringi italegea, itazunguka juu yake, itapata moto na kuila. Na kompyuta haimwokoi fundi mzembe. Kisu cha mashine kikilika, mashine itafuata programu ileile na kutoa kipimo kisicho sahihi. Asiyeshika maikromita akapima, hajui alichokitengeneza.

Sasa shafti imepungua. Baadhi ya mafundi wana dawa yake: wanachukua panchi, wanagonga vidoto kuzunguka pale, chuma kinainuka kidogo, beringi inaingia kwa kubana. Mteja analipa na kuondoka akishukuru. Baada ya muda mfupi kinu kimesimama, na mama aliyekuwa akisagia watu mahindi amekaa bila kipato.

Kuna atakayesema: "Sheikh, hiyo ni mbinu ya kazi tu." Ndugu yangu, Mtume (swalla Allaahu alayhi wasallam) alipita sokoni akaingiza mkono katika lundo la chakula, vidole vikakuta maji. Mwenye mali akasema kimenyeshewa. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini sehemu ile hakuiweka juu watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Shafti kupungua ni mvua, humpata fundi yeyote. Vidoto vilivyofichwa chini ya beringi ndiyo yale maji yaliyofunikwa.

Mwingine atasema: "Bosi ndiye kaniamuru." Amri ya bosi inaishia pale maasi yanapoanza. Mwambie mteja ukweli. Akitaka nyingine, chonga upya. Akiridhika nayo kwa bei pungufu huku akijua kasoro yake, hapo hukumdhulumu.

Nawe mwenye karakana, sikiliza. Ukimkata fundi mshahara kwa kila kipande anachokiri kuwa kimeharibika, unamfundisha kuficha. Vipande vya kuharibika viweke katika hesabu zako tangu mwanzo, na fundi mkweli mlinde. Dhambi ya vidoto vile utaibeba pamoja naye.

Katika Suuratu Sabaa, Allah anatueleza kuwa alimlainishia chuma Nabii Daud (alayhi ssalaam), akamwamuru atengeneze deraya na apime sawasawa uunganishaji wake. Nabii alipewa chuma, na pamoja na chuma akapewa amri ya kipimo. Hii ni kazi ya heshima, enyi vijana wa karakana. Msiichafue kwa panchi.

Allah atujaalie rizki ya halali na mikono yenye amana. Aamiin.

Mfikishie fundi unayemjua.

Wallaahu a'lam.