Matabishi si desturi ya wazee wetu

Kuna watu wanaotuambia: "Acheni kelele! Matabishi ni desturi yetu, ni asante ndogo tu. Hata wazee wetu hawakwenda kwa mkubwa mikono mitupu." Maneno hayo tumeyasikia hata vinywani mwa Wakristu wanaokomunika kila Dominika. Basi, tulitazame neno lenyewe, tuone limetoka wapi.

Sikio hudanganyika. Kwa kuwa linaanza na ma-, kama matunda na matoleo, mtu hufikiri kwamba ni neno la babu zetu. Sivyo. Ni neno la Wareno, nalo ni maneno mawili yaliyoshikana: mata, maana yake "ua", na bicho, maana yake "mdudu". Ua mdudu! Mdudu gani? Zamani watu wa Ulaya walisadiki kwamba tumboni mwa mtu mna mdudu anayeuma asubuhi, na dawa yake ni funda moja la pombe kali kabla ya kula. Wafaransa nao wana msemo ule ule. (Dawa ya namna hiyo, walevi hawakuhitaji kufundishwa mara mbili.) Mpaka leo, katika Angola na Msumbiji, matabicho ni chakula cha asubuhi tu, na hakuna anayeona haya kulitaja neno hilo mbele ya polisi.

Kwetu Kongo neno lilishika njia nyingine. Kinywaji anachopewa mtu wa kazi juu ya malipo yake kikawa fedha za kununulia kinywaji, sawasawa na pourboire ya Wafaransa. Kisha zawadi yoyote ikaitwa hivyo. Kijana aliyekubebea mzigo vizuri, ukimwongezea kitu juu ya malipo mliyopatana, hayo ni matabishi, wala hakuna dhambi. Lakini karani anayeficha karatasi yako mpaka utie noti ndani yake, naye anaomba "matabishi". Neno moja, mambo mawili yasiyofanana hata kidogo! Hapo ndipo shetani alipopata nguo ya kuvaa.

Majirani zetu wa Tanzania husema hongo. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru wa nguo na shanga, ambao misafara iliwalipa watemi wa Ugogo ili ipite. Ushuru ule ulidaiwa mchana, mbele ya watu wote.

Sasa twauliza: kama matabishi ni asante, mbona yanadaiwa kabla ya kazi? Mbona yanapokelewa nyuma ya mlango? Someni Matendo ya Mitume, sura ya 24. Liwali Feliksi alimwita Paulo mara nyingi kuongea naye, akitumaini kupewa fedha. Alipoondoka baada ya miaka miwili, alimwacha Paulo kifungoni. Je, Paulo hakujua kutoa asante?

Wala tusiende mbali. Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma, alikuwa na kazi ya kukagua vyakula vinavyoingia mpakani. Walitaka kumpa fedha ili apitishe chakula kilichoharibika. Alikataa, kwa sababu watu wangekila. Walimwua katika Julai 2007, naye alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Eklezia ilimtangaza kuwa Mwenye heri. Wanaosema kwamba haiwezekani kukataa, wamsemee yeye uso kwa uso.

Wengine hujibu: "Mshahara hautoshi, na mara nyingine hautoki." Ni kweli, nasi hatutaki kuficha jambo hilo. Anayemnyima mtu wa kazi mshahara wake anatenda dhambi inayolia mbinguni. Lakini tazameni ni nani anayelipa deni lile! Si mkubwa aliyeula mshahara. Ni mama mjane aliyemleta mtoto hospitalini, naye amefunga franka chache katika pembe ya kitambaa. Kama karani ameonewa, adai haki yake pamoja na wenzake, kwa yule aliyemwonea, nasi tutasimama upande wake. Karatasi ya mjane aitie sahihi leo, bila noti.