Ziwa Masoko linangoja waogeleaji wake

Miaka 20 iliyopita, mtu mzima akionekana anakimbia barabarani alfajiri aliulizwa anamkimbia nani. Leo hakuna anayeuliza. Tangu Kilimanjaro Marathon ilipoanza mwaka 2003, mbio za watu wa kawaida zimeenea nchi nzima, na jijini Mbeya Tulia Marathon huwakusanya walimu, madereva, wauguzi na wafanyabiashara wa sokoni ambao hawaoti kwenda Olimpiki. Wanataka kumaliza, wapewe medali yao, warudi nyumbani wakiwa wazima kuliko walivyokuja. Mbio hizo zimewafundisha Watanzania kwamba michezo si mali ya vijana wenye vipaji peke yao.

Kwenye maji, somo hilo bado.

Wilaya ya Rungwe ni mahali pa kulionea jambo hili uchungu, kwa sababu wilaya chache nchini zimejaliwa maji kama hii. Mto Kiwira unapita chini ya Daraja la Mungu, maporomoko ya Kaporogwe yanamwagika mchana na usiku, Ziwa Ngosi limejificha juu milimani ndani ya kreta, na ukiteremka kutoka Tukuyu kuelekea Kyela unaliona Ziwa Nyasa. Hata hivyo watoto wengi wa huku wanakua wakiyajua maji kwa onyo moja: usisogee. Onyo hilo ni la haki, na mzazi anayelitoa anampenda mwanawe. Lakini mtoto aliyeonywa bila kufundishwa, siku akiteleza, onyo halimwelezi afanye nini.

Ndiyo maana Rungwe inapaswa kuanzisha mashindano yake ya kuogelea kwa watu wa kawaida, yafanyike Ziwa Masoko, yatanguliwe na mafunzo ya miezi kadhaa, na yalindwe kwa ukali kuliko tukio lolote la michezo lililowahi kufanyika wilayani.

Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba, liko kusini mashariki mwa mji wa Tukuyu. Ni ziwa la kreta, takriban mita 840 juu ya usawa wa bahari, umbo lake karibu duara, upana wake kama mita 700 na kina chake kinafika mita 38 hivi. Halina mto unaoingia wala unaotoka, kwa hiyo hakuna mkondo wa kumsomba mtu. Wageni wengi hulijua kwa simulizi ya sarafu ambazo Wajerumani wanadaiwa kuzitupa majini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa mwogeleaji, sifa yake kubwa ni ukubwa wake. Kulivuka kwenda na kurudi ni mita 1,400 hivi, na mtu aliyesimama ukingoni anaweza kumfuata kwa macho kila mshiriki tangu mwanzo hadi mwisho.

Umbali unaokaribia huo una historia yake Afrika. Mwaka 1974, wanaume 153 waliingia kwenye Bwawa la Midmar, katika vilima vya KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, mbali na bahari, wakaogelea maili moja. Wanawake waliruhusiwa baadaye, kisha zikaja familia, shule na wazee. Mwaka 2009 waliomaliza walikuwa 13,755, idadi iliyoyaingiza mashindano hayo katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Bwawa lenyewe lilijengwa kuhifadhi maji, wala hakuna aliyelichimba kwa ajili ya michezo. Kilichofanya Midmar ikue ni uamuzi wa kumpokea mtu yeyote anayeweza kuogelea umbali ule, awe na kasi au asiwe nayo.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mwaka 1992, Waafrika Kusini wawili, Otto Thaning na Lewis Pugh, waliogelea kukatiza Ziwa Nyasa upande wa Malawi, umbali wa kilomita 25 hivi. Pugh baadaye alipata jina duniani kwa kuogelea kwenye maji ya barafu. Lakini anayestahili kuangaliwa na msomaji wa Tukuyu ni Thaning. Kazi yake ilikuwa upasuaji wa moyo. Aliogelea pembeni ya kazi hiyo maisha yake yote, na mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 73, alivuka Mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa wamewahi kuuvuka. Kuogelea ni mchezo usiomwadhibu mtu kwa magoti yake wala uzito wake, na mtu anaweza kuuanza akiwa na miaka 40 na kuendelea nao hadi uzeeni.

Nchini, mchezo huu umebaki kwa wachache. Tanzania ilipeleka waogeleaji wawili Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Collins Saliboko na Sophia Latiff, na wote wawili walistahili kupongezwa. Lakini mabwawa ya mazoezi yako zaidi kwenye hoteli na shule za ada kubwa za mijini. Kijana wa Rungwe akitegemea bwawa la namna hiyo, atasubiri sana. Ziwa lipo tayari.

Zanzibar imeonyesha kwamba mwanzo hauhitaji fedha nyingi. Huko Nungwi, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana wa kaskazini mwa Unguja kuelea, kuogelea na kuokoa wenzao, baharini, wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, ili dini na mila zisiwe kizuizi. Picha za wanafunzi wa Shule ya Msingi Kijini, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilishinda tuzo ya World Press Photo mwaka 2018, na dunia ikaona wasichana wamelala chali juu ya bahari wakishikiliana kwa utulivu. Waliofundishwa wakawafundisha wengine. Rungwe ina vyuo vya ualimu, Tukuyu na Mpuguso. Mwalimu mmoja wa michezo anayejua kuogelea hufika shule nyingi kuliko bwawa moja.

Haja ya ujuzi huo haina mjadala. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Watanzania hawahitaji takwimu kulielewa hilo. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Kivuko kilichojaa kupita kiasi ni kosa la usimamizi, na kujua kuogelea hakungemwokoa kila aliyenaswa ndani. Hata hivyo, ukaribu wa nchi kavu siku ile bado unauma.

Watakaopinga wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni usalama. Oktoba 2010, Fran Crippen, mwogeleaji wa timu ya taifa ya Marekani mwenye umri wa miaka 26, alifia majini wakati wa mashindano ya kilomita 10 huko Fujairah, Umoja wa Falme za Kiarabu. Maji yalikuwa ya moto mno, ulinzi ulikuwa hafifu, na kutoweka kwake kulijulikana wenzake walipokwisha kumaliza. Kama bingwa alipotea hivyo, mwanafunzi wa Tukuyu atapotea kwa wepesi zaidi. Leo kanuni za kimataifa zinakataza mashindano maji yakizidi nyuzi joto 31 au yakipungua 16.

Masoko ianzie hapo, kisha iongeze masharti yake. Washiriki wa mashindano ya kwanza wasizidi 40. Kila mmoja avae kofia ya rangi kali yenye namba na afunge boya kiunoni. Wahesabiwe wakiingia na wakitoka, na mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila hesabu hiyo. Mitumbwi ya wenyeji ipangwe pande zote za njia, wenye mitumbwi walipwe, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liwepo pamoja na mganga. Asiyeweza kuelea chali kwa dakika 10 na kuogelea mita 400 bila kupumzika mbele ya mwalimu asipewe namba, hata kama amelipa. Ziwani hakuna ukuta wa kushika wala mstari chini wa kufuata, na hofu humchosha mtu kabla ya mikono.

Afya ya maji nayo ipimwe. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo mahali pa kuingilia pachunguzwe mapema. Rungwe ni nchi ya volkano, ambako gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini hadi kuvunwa kwa biashara. Wataalamu wapime ukingo wa ziwa kabla ya kuwakusanya watu. Wazee wa vijiji vinavyolizunguka waombwe ridhaa mwanzo kabisa, maana ziwa hili lina heshima yake kwao.

Halafu kuna samaki. Mwaka 2015, jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu samaki wadogo wa Masoko ambao, ndani ya ziwa hili moja, wanagawanyika kuwa aina mbili: wa ukingoni na wa kwenye kina chenye giza. Wanasayansi husafiri kutoka mbali kuja kuliona jambo hilo likitokea. Boti za injini, sabuni na plastiki zipigwe marufuku, na mashindano yasiyotaka injini yanaweza kulitunza ziwa hili kwa kuwapa watu sababu ya kulilinda.

Tarehe 25 Julai ni Siku ya Dunia ya Kuzuia Vifo vya Kuzama, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2021. Inaangukia kiangazi cha Rungwe, mvua zikiwa zimepungua. Halmashauri ya wilaya, Chama cha Kuogelea Tanzania na vyuo vya ualimu wana muda wa kutosha kukaa meza moja. Mwaka wa kwanza uwe wa kufundisha walimu na waokoaji tu. Mwaka wa pili, mita 200 kando ya ukingo. Kuvuka ziwa zima kufuate mwaka wa tatu, kwa wale watakaokuwa wamefaulu mafunzo na zile mita 200.