Pampu ya kukanyaga: uliza bei ya washa kwanza

FAMILIA nyingi za Nairobi siku hizi zina kiploti mahali fulani katika Kaunti ya Kajiado. Wako walionunua Kitengela, wako walionunua Isinya, na wako waliozunguka Milima ya Ngong wakaangukia Kimuka, kando ya barabara ya kuelekea Suswa. Ploti ni ya futi 50 kwa 100, ua wa seng'enge umekwisha kuwekwa, na Jumamosi baba, mama na watoto hufunga safari kwenda kuangalia sukuma wiki zao zinaendeleaje. Aghalabu huzikuta zimenyauka.

Si ajabu. Kimuka iko upande wa milima unaotazama Bonde la Ufa, na mawingu hufika huko yakiwa yamekwisha kupungukiwa. Upepo nao haupumziki. Ndio uliofanya mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo ianze kusimamishwa juu ya milima hiyo tangu mwaka 1993. Waliokuwa na mifugo Kajiado kati ya 2020 na 2022, mvua ilipokuwa haba misimu mitano mfululizo, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa mwenye ploti afanye nini? Kuchimba kisima cha mashine si mchezo, maana katika sehemu nyingi za Kajiado maji yako zaidi ya mita mia moja chini ya ardhi, na yakipatikana huenda yakawa na floraidi ya kuharibu meno ya watoto. Kwa hivyo wengi huchimba kidimbwi, au silanga kama wasemavyo wenyeji, wakatandika karatasi nzito ya plastiki na kukinga maji ya mvua ya Aprili. Basi maji yapo. Lililobaki ni kuyatoa shimoni hadi kwenye matuta ya mboga bila ya mtu kuvunjika mgongo kwa ndoo, na hapo ndipo wengi huikumbuka pampu ya kukanyaga.

Chombo hiki si kigeni kwetu. Mtu husimama juu ya vikanyagio viwili, akashuka na kupanda kama apandaye ngazi isiyokwisha, na silinda mbili zikapokezana: hii inafyonza, ile inasukuma. Asili yake ni Bangladesh, ambako mhandisi wa Norway, Gunnar Barnes, aliiunda mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 kwa mianzi na mabomba ya bei nafuu. Hapa Kenya ilienezwa na shirika la ApproTEC, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon, na ambalo tangu 2005 linaitwa KickStart. Pampu yao ya MoneyMaker ilitoka 1996. Miaka miwili baadaye ikaja Super MoneyMaker, ambayo haikuishia kuinua maji tu bali iliweza kuyasukuma mlimani na kuyafikisha kwenye kinyunyizio. Waanzilishi hao walishikilia kwamba pampu iuzwe, isigawanywe bure. Mtu anaweza kuwalaumu kwa hilo. Mimi nawaunga mkono, na sababu nitaieleza hapo mbele.

Kabla ya kutoa pochi, chukua kamba na jiwe upime shimo lako. Makaratasi ya pampu hizi husema zinaweza kufyonza maji kutoka kina cha mita 7 hivi. Wanafunzi wa sekondari wanajua kwamba pampu haivuti maji kwa nguvu zake yenyewe. Huondoa hewa ndani ya bomba, na hewa iliyo nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Mombasa, ufuoni, hewa hiyo ina uzito wa kuinua maji kiasi cha mita 10, hata pampu ingekuwa kamilifu namna gani. Ukipanda mlima hewa hupungua, na kwa kila mita 1,000 unapoteza karibu mita moja ya maji. Kajiado yetu hii ya Kimuka na Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hivyo zinabaki mita nane na kitu kwenye hesabu, na pampu ya kweli yenye viungo na mikwaruzo yake haifiki hapo. Mita saba za kwenye karatasi zisome kuwa tano, ukibahatika sita.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu yanahusu garantii moja kwa moja. Mtu hununua pampu, akaitumbukiza bomba lake kwenye kisima cha mita nane, akakanyaga mpaka jasho likamtoka na tone lisionekane. Huirudisha dukani kwa hasira. Muuzaji humwonyesha pale palipoandikwa mita saba, na kesi imekwisha. Wengine hununua bomba la kufyonzea la bei ya chini, laini, lenye kiungo kinachopitisha hewa. Mtoto yeyote aliyewahi kunywa soda kwa mrija uliopasuka anajua matokeo yake. Hiyo nayo si hitilafu ya pampu, na hakuna garantii itakayoifidia.

Tufanye hesabu nyingine, maana bila hesabu hii huwezi kujua kama unahitaji pampu kubwa au ndogo. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa nguvu ya wati 75 kwa muda mrefu bila ya kuzirai. Tuseme nusu yake inapotea njiani. Akiinua maji mita 10 kwa jumla, kuanzia usawa wa maji hadi mwisho wa bomba, atapata kiasi cha mtungi mmoja wa lita 20 kwa dakika. Ukilima robo tu ya ile ploti yako, mboga zitataka kama lita 600 kwa siku wakati wa jua. Ni mitungi 30, yaani nusu saa ya kukanyaga. Kijana wa kidato cha tatu anayelalamika kwamba hana mahali pa kufanyia mazoezi amepata.

Haya, twende dukani. Tuseme umeziona pampu mbili. Ya kwanza ni shilingi 11,000, imepakwa rangi ya kupendeza, na muuzaji anakuapia kwamba ina garantii ya miaka miwili. Ya pili ni 16,000 na garantii yake ni mwaka mmoja. (Bei hizi ni za mfano tu, zako utazikuta huko.) Wengi watachukua ya kwanza na kujiona wajanja mara mbili: bei chini, miaka mingi.

Wahenga walisema rahisi yavunja upishi, lakini msemo huo nao usiufuate kama kipofu, kwani ghali nayo imewahi kuvunja upishi. Uliza kwanza: katika pampu hii ni kitu gani kinachokufa mapema? Si chuma. Chuma cha pampu ya kukanyaga hukaa miaka. Kinachokufa ni zile washa za mpira au za ngozi zinazopanda na kushuka ndani ya silinda, na vali ndogo za mpira zinazofungua na kufunga njia ya maji. Mchanga mmoja wa kidimbwi, jua la Kimuka, na washa imekwisha. Sasa isome ile garantii vizuri. Mara nyingi utakuta imeandikwa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, kwamba sehemu zinazochakaa kwa matumizi hazimo. Yaani umehakikishiwa miaka miwili juu ya kile ambacho hakingeharibika, na hukuhakikishiwa hata siku moja juu ya kile kitakachoharibika.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei ya pampu, liwe bei ya washa. Mwambie akuonyeshe, aiweke juu ya kaunta. Akisema zitaletwa, au ukaulize Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan, basi hiyo garantii yake ya miaka miwili ni rangi kama rangi ya pampu. Kama wa shilingi 16,000 ana wakala Ngong mjini au Kitengela ambaye ana washa rafuni leo, ile tofauti ya shilingi 5,000 umenunulia kitu halisi. Hii ndiyo sababu nilisema nawaunga mkono walioamua pampu ziuzwe. Kinachouzwa hufuatwa na wauza spea. Kilichogawanywa bure, aliyekigawa akiondoka huondoka na spea zake.

Somo hili Kenya tulilipata zamani, na si Kajiado. Huko Kwale katika miaka ya 1980, wakati pampu za mkono za vijijini zilikuwa zikiharibika na kungojewa fundi kutoka mbali, ndipo pampu ya Afridev ilipoendelezwa ikiwa na shabaha ya kwamba mwanakijiji mwenyewe aweze kuifungua kwa spana moja na kubadilisha kilichochakaa. Halafu Kyuso, katika Kaunti ya Kitui, mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walijaribu mpango wa mafundi walio tayari, wakipata habari kwa simu kila pampu ilipogoma. Hapo awali pampu iliyoharibika ilikaa takriban siku 27 kabla ya kutengenezwa. Chini ya mpango huo zikashuka hadi chini ya siku tatu. Pampu zilikuwa ni zile zile.

Siku 27. Mche wa spinachi uliopandwa juzi hautangoja hata saba. Kwa hivyo unapolinganisha garantii mbili usihesabu miaka, hesabu siku: pampu ikigoma Jumatatu, maji yatatoka tena lini? Nani atalipa nauli ya kuipeleka? Wataitengeneza, watakupa nyingine, au watakwambia ungoje kontena? Muuzaji anayejibu maswali haya bila ya kutazama dari, mwongezee hata elfu mbili.

Kuna wasomaji watakaosema kukanyaga ni mambo ya kale, wao watanunua pampu ya petroli au ya sola. Vyema. Pampu ya petroli inayowekwa ukingoni inafuata sheria ile ile ya hewa niliyoieleza, na mafuta yake unayajua bei. Ya sola ni nzuri kwa mwenye uwezo, ila asidanganywe na miaka 25 iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Hiyo huwa ni ya bamba la juani. Mota na kile kisanduku cha kuiendesha vina garantii yao, fupi sana kuliko hiyo, na ndivyo vinavyoungua.

Kuhusu haki zako, usitishwe na kibandiko cha "mali ikishauzwa hairudishwi". Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa amekuhakikishia ubora huo, iwe kuna kadi ya garantii au hakuna. Ukidhulumiwa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Lakini huko hutakwenda mikono mitupu. Risiti nyingi za siku hizi hufifia zikawa karatasi tupu kabla ya mavuno ya kwanza, hivyo ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, pamoja na kadi iliyogongwa muhuri na nambari ya pampu.

Na angalia tarehe. Garantii huanza kuhesabiwa siku ya kununua, si siku ya kukanyaga. Anayenunua Aprili kwa sababu kuna bei ya chini, akaiweka stoo hadi Julai mvua zikiisha, amempa muuzaji miezi mitatu bure. Ukinunua, ijaribu wiki hiyo hiyo hata kama kunanyesha. Tena, dukani kabla ya kulipa, omba ndoo ya maji na mkanyage kwa zamu, kuanzia mzito wa nyumba hadi mwepesi, maana pampu ya baba wa kilo 90 huenda mama wa kilo 55 akaning'inia juu yake kama ndege juu ya waya.

Mwisho ni mtunzaji wa ploti, ambaye ndiye atakayeitumia siku sita kati ya saba. Aje dukani pia. Afundishwe kuifungua, kuifunga, kuiweka kivulini na kufunga kitambaa mdomoni mwa bomba ili mchanga usiingie. Na zile washa mbili za akiba mlizonunua zisibaki Nairobi kwenye droo ya jikoni. Zikae Kimuka, ndani ya mkebe, pamoja na spana.