Kifo cha Joshua Mollel kiwe onyo: raia si shabaha, wala maiti si mali ya kubadilishana

Mkoa wetu wa Manyara umelipa kwa damu vita ambavyo haukuvianzisha na hauna upande ndani yake. Joshua Mollel, kijana wa miaka 21 kutoka Simanjiro, aliondoka Tanzania Septemba 2023 kwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo kwa vitendo. Alipangiwa zizi la ng'ombe wa maziwa katika kijiji cha Nahal Oz, jirani kabisa na mpaka wa Gaza. Hakumaliza hata mwezi. Asubuhi ya Oktoba 7, 2023, wapiganaji kutoka Gaza walivamia eneo hilo, wakamuua na kuuchukua mwili wake.

Siku hiyohiyo aliuawa Mtanzania mwingine, Clemence Mtenga wa Rombo, mkoani Kilimanjaro, aliyekuwa kwenye mafunzo kama hayo katika kijiji cha Nirim. Alikuwa na miaka 22. Mwili wake ulirejeshwa nyumbani na kuzikwa Novemba mwaka huo. Familia ya Joshua haikupata hata nafasi hiyo. Kwa zaidi ya miezi miwili iliambiwa isubiri. Katikati ya Desemba, Serikali ikatangaza kuwa kijana huyo aliuawa siku ileile ya uvamizi. Mwili wake haukutoka Gaza hadi Novemba 5, 2025, karibu miezi 25 baada ya kuuawa.

Wasomaji wetu wa Singe na Babati nzima hawahitaji kuelezwa maana ya kusubiri maiti. Desemba 3, 2023, siku chache kabla ya habari za Joshua kututhibitikia, tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang, hapa mkoani kwetu, na kuufunika mji wa Katesh. Watu 89 walipoteza maisha. Tuliona ndugu wakifukua tope kwa majembe na mikono, na tuliona namna familia inavyokosa utulivu hadi impate mtu wake, akiwa hai au amekufa. Kule Katesh aliyeua ni mlima. Nahal Oz na Gaza ni binadamu walioamua kumfanyia hivyo binadamu mwenzao.

Ndiyo maana gazeti hili linapiga mbiu. Katika mgogoro wa Waisraeli na Wapalestina, raia amegeuzwa kuwa shabaha, mateka, ngao na hatimaye mali ya kubadilishana. Tukilizoea jambo hilo kwa kuwa ni la mbali, tutakuwa tumekubali kwamba hata mtoto wetu anaweza kutendewa vivyo hivyo.

Tuanze na lililo wazi. Uvamizi wa Oktoba 7, ulioongozwa na Hamas, uliua watu wapatao 1,200, wengi wao raia, na watu 251 wakatekwa. Waliouawa ni pamoja na wazee, watoto, vijana waliokuwa kwenye tamasha la muziki, vibarua kutoka Thailand na wanafunzi 10 wa kilimo kutoka Nepal. Kijana aliyekwenda kukamua maziwa hakuwa na deni lolote kwa Wapalestina. Hakuna dhuluma ya kihistoria, hata iwe nzito kama ile ya mwaka 1948 iliyowafanya Wapalestina wapatao 700,000 kuwa wakimbizi, inayohalalisha kumuua Joshua na kuuficha mwili wake.

Lakini lililofuata nalo lazima lisemwe bila kigugumizi. Israel ilijibu kwa vita vya miaka miwili dhidi ya ukanda mwembamba wenye watu zaidi ya milioni 2 wasio na pa kukimbilia. Hadi usitishaji wa mapigano ulipoanza Oktoba 10, 2025, Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu vifo zaidi ya 67,000, na zaidi ya nusu yake ni vya wanawake, watoto na wazee. Idadi hiyo ikaendelea kupanda kadiri miili ilivyofukuliwa kwenye vifusi. Hospitali zilipigwa, shule zilizohifadhi wakimbizi zilipigwa, karibu watu wote walihamishwa, wengi wao zaidi ya mara moja. Agosti 22, 2025, wataalamu wa usalama wa chakula wanaoungwa mkono na Umoja wa Mataifa walithibitisha baa la njaa katika mji wa Gaza na maeneo yanayouzunguka. Njaa hiyo haikuletwa na ukame wala nzige. Ililetwa na vita, na malori ya chakula yaliyozuiwa mpakani.

Joshua hakutumwa na Serikali ya Israel kuwaonea Wapalestina, na mtoto wa Khan Younis huko Gaza hakuwatuma Hamas kuvamia Nahal Oz. Anayemlilia mmoja na kumcheka mwingine hajalia bado. Amechagua timu tu.

Masharti ya kusitisha mapigano yenyewe yanaonyesha tulipofika. Israel na Hamas zilikubaliana kwamba kwa kila mwili wa Mwisraeli utakaorudishwa, Israel itatoa miili 15 ya Wapalestina. Miili mingi iliyopelekwa Gaza kwa njia hiyo haikuwa na majina. Akina mama walipita wakitazama picha, wakitafuta kovu, jino au kiatu cha kumtambulisha mtoto, na wengi wao hawakumpata. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inataka raia alindwe na maiti astahiwe. Heshima ya maiti haipaswi kuwa kifungu cha kupatania bei.

Sasa tugeukie nyumbani, maana hapa ndipo penye hatari tunayoweza kuizuia wenyewe.

Vijana wetu wanakwenda nje kwa sababu wanazijua hesabu za shamba la nyumbani. Babati inalima mahindi, alizeti na mbaazi. Mwaka 2017 India ilipowekea kikomo mbaazi kutoka nje, bei iliporomoka na mkulima wa hapa akabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Kijana mwenye stashahada ya kilimo, asiye na mtaji wala soko la uhakika, akisikia kuna nchi inayolima jangwani kwa umwagiliaji wa matone na itakayompa posho huku akijifunza, atakwenda. Hatumlaumu, na elimu hiyo tunaihitaji. Vita vilipoanza, Watanzania wapatao 260 walikuwa Israel kwenye mafunzo ya aina hiyo.

Tunachohoji ni mahali walipopelekwa. Nahal Oz na Nirim ni vijiji vilivyo kwenye mstari wa mpaka ambao kwa miaka mingi umekuwa ukirushiwa roketi na makombora. Nani alimweleza Joshua na wazazi wake, kwa lugha wanayoielewa, kwamba zizi lile liko hatua chache kutoka Gaza? Nani aliyekuwa na jukumu la kukataa?

Maswali haya hayajapitwa na wakati. Vita vilipoanza, vibarua wa Thailand walikimbia kwa maelfu na Wapalestina wakafungiwa vibali vya kufanya kazi Israel. Mashamba yakabaki bila mikono. Novemba 2023, kabla hata familia ya Joshua haijajua hatima yake, ndege iliondoka Malawi na vijana 221 kwenda kuziba pengo hilo, na Kenya ikatangaza kupeleka vibarua 1,500. Umaskini wa Afrika Mashariki na Kusini ukawa jibu la upungufu wa wafanyakazi katika nchi iliyo vitani. Tanzania haipaswi kuingia kwenye foleni hiyo.

Tunaitaka Serikali, kupitia wizara zinazoshughulikia mambo ya nje, kazi na kilimo, itoe katazo la wazi: asipelekwe Mtanzania yeyote, kwa jina la mafunzo au la ajira, katika shamba lililo jirani na mpaka wa vita. Kila mkataba utaje kijiji atakakofanya kazi, bima yake, na nani atamrudisha nyumbani mambo yakiharibika. Kijana awe na haki ya kukataa kituo cha hatari bila kufukuzwa kwenye programu. Ubalozi wetu mjini Tel Aviv, uliofunguliwa mwaka 2018, uwe na orodha kamili ya kila kijana na mahali alipo. Na Bunge liulize kwa niaba ya familia za Simanjiro na Rombo ni fidia gani zimepata, na ni nani aliyewajibika.

Tanzania ina sauti katika jambo hili kuliko tunavyojidhania. Ilivunja uhusiano na Israel mwaka 1973 na kuurejesha mwaka 1995. Iliitambua Palestina kuwa taifa mwaka 1988. Nchi inayozungumza na pande zote mbili, na iliyozika watoto wake wawili, haina sababu ya kunong'ona. Idai wauaji wa Oktoba 7 wafikishwe mbele ya sheria. Iunge mkono pia Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo Novemba 21, 2024 ilitoa hati za kukamatwa kwa Waziri Mkuu Benjamin Netanyahu, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi Yoav Gallant na kamanda wa Hamas Mohammed Deif. Sheria ikimfuata dhaifu na kumkwepa mwenye nguvu, raia wa kesho hatakuwa na ulinzi wowote.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Video za mauaji ya Joshua zilizunguka kwenye simu, na kila aliyezisambaza aliiongezea familia yake maumivu. Tuache. Singe na Babati ni mahali ambapo Wairaki, Wagorowa, Warangi na Wambugwe, Wakristo na Waislamu, wanazikana na kuoleana. Mahubiri yanayogeuza vita vya Gaza kuwa ugomvi wa msikiti na kanisa yasipewe nafasi hapa. Viongozi wa dini wawaombee wafu wa pande zote mbili kwa majina yao, na wawaambie waumini kwamba kumchukia jirani wa Singe hakutamwokoa mtoto yeyote wa Gaza wala wa Israel.

Kwa mzazi ambaye mwanawe ameitwa kwenye usaili wa safari, tunasema: uliza jina la kijiji, uliza kiko umbali gani kutoka mpakani, uliza nani atapokea simu yako usiku. Asiyekujibu, usimkabidhi mtoto.