UCHAMBUZI: Mshambulizi wa Kaloleni na lango gumu la Uingereza

KILA Jumamosi vijana wa mitaa ya Eastlands hujazana kwenye vibanda vya video kutazama kabumbu ya Uingereza. Wengi wao wanaamini kwamba ikiwa Ligi Kuu ni mbali mno, basi klabu ya daraja la tatu au la nne haiwezi kumkosa mfungaji hodari kutoka Kaloleni. Imani hiyo ni potovu, na imewagharimu wazazi wengi fedha zilizoishia mifukoni mwa mawakala bandia.

Kaloleni si mtaa mgeni kwa soka. Ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na uko jirani na uwanja wa City, ulio kando ya barabara ya Jogoo. Hatua chache kutoka hapo ni Muthurwa, walikokulia ndugu wawili, McDonald Mariga na Victor Wanyama.

Kisa cha Mariga kinatosha kuwa funzo. Mnamo Januari 2010, Manchester City ilikuwa tayari kumnunua kutoka Parma ya Italia, lakini alinyimwa kibali cha kazi. Wakati huo sheria ilitaka mchezaji awe ametoka katika taifa lililo miongoni mwa 70 bora duniani kwa wastani wa miaka miwili, na awe ameshiriki asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu yake ya taifa. Nafasi bora ambayo Kenya imewahi kufikia ni ya 68, Desemba 2008, na haikudumu. Mariga alielekea Inter Milan, iliyotwaa Klabu Bingwa Ulaya mwaka huo huo.

Ikiwa klabu tajiri kama Manchester City ilishindwa kumwombea kibali kiungo wa ligi ya Italia, klabu ndogo ya daraja la nne ingempataje kijana asiyejulikana?

Jibu linapatikana katika safari ya Taiwo Atieno. Mshambulizi huyo alizichezea Walsall, Luton Town, Torquay United na Barnet, tena akavaa jezi ya Harambee Stars. Hata hivyo, Atieno alizaliwa London mwaka wa 1985. Hakuhitaji kibali cha mtu. Jina lilikuwa la Kenya, ila mlango ulifunguliwa na mahali alipozaliwa.

Waliotoka Nairobi walizunguka. Mariga alianzia Uswidi kabla ya kwenda Italia. Wanyama alipitia Uswidi, Ubelgiji na Celtic ya Uskoti, ndipo akajiunga na Southampton mwaka wa 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Wote wawili walifika wakiwa wamekomaa, si wakibahatisha.

Ni kweli kwamba mambo yamelegea kiasi. Baada ya Uingereza kujitoa katika Muungano wa Ulaya, mfumo wa alama ulianza kutumika mwaka wa 2021. Tangu Juni 2023, klabu za madaraja ya tatu na ya nne zinaweza kupewa hadi nafasi mbili za wachezaji wa kigeni wasiotimiza alama hizo. Lakini mchezaji bado hutakiwa kuwa na rekodi ya mechi za taifa, za bara au za ligi zinazotambuliwa. Video ya mabao ya mtaani si rekodi.

Kwa hivyo mzigo unarudi nyumbani. Kijana anahitaji ligi inayochezwa kwa ratiba, timu za taifa za chipukizi zinazokutana mara kwa mara, na klabu zinazofuzu kwa michuano ya Afrika. Kila mechi inayofutwa na kila uwanja unaofungwa humpunguzia alama kabla hajaombewa pasipoti.

Naye mzazi anayeambiwa auze shamba ili mwanawe akafanyiwe majaribio Uingereza aulize swali moja tu: kibali kitatoka kwa msingi gani? Wakala asiyeweza kulijibu hafai kupewa hata nauli ya matatu.