Tusiruke Majivu Tukakanyage Moto

Wananchi wa Unguja hawajasahau giza la mwaka 2008, wala lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009, njia ya umeme itokayo Bara kwa chini ya bahari ilipopata hitilafu. Kwa hiyo hatushangai tusikiapo hoja kwamba Visiwa vyetu vijizalishie umeme, na kwamba makumbi, vifuu, kumvi za mpunga na makonyo ya karafuu vichomwe kuendeshea mitambo. Hoja hiyo twaiheshimu. Lakini kuiheshimu hoja si kuipokea bila ya kuipima.

Wanaoitetea husema kwamba kuchoma mabaki hakuongezi hewa ya ukaa, kwani mmea uliivuta hewa hiyo ulipokuwa ukikua. Hilo ni kweli pale ambapo mabaki yangeoza bure na shamba likapandwa tena. Hata hivyo, hewa ya ukaa si dhara pekee. Moshi huo hubeba chembe ndogo mno zipenyazo mapafuni, na mabaki yasiyokauka sawasawa hutoa moshi mzito zaidi. Mama aliyeketi mbele ya mafiga hahitaji kufundishwa na mtaalamu jambo hilo.

Tena, si kila kiitwacho taka ni taka. Makumbi ndiyo riziki ya akina mama wa vijiji vya pwani wanaoyafukia, wakayaponda na kusokota kamba. Majani na mabua yakiachwa shambani huhifadhi unyevu na kurutubisha udongo. Yakichomwa, naitrojeni yake hupotelea hewani. Katika ardhi ya maweni ya kusini na mashariki ya Unguja, yenye udongo haba juu ya jiwe, hasara hiyo si ndogo.

Inafaa tuwatazame majirani zetu wa Morisi. Tangu miaka ya 1950 viwanda vya sukari vya kisiwa hicho vimekuwa vikiuza umeme utokanao na makapi ya miwa. Kazi hiyo ni ya kusifiwa, maana makapi hupatikana pale pale kiwandani. Lakini mavuno ya miwa ni ya msimu, na msimu ulipokwisha mitambo mingi ilichoma makaa ya mawe yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Mwaka 2021 serikali ya huko ilitangaza nia ya kuachana na makaa hayo ifikapo 2030.

Funzo ni dhahiri. Tanuri likishajengwa hudai kulishwa mwaka mzima. Karafuu nayo ina msimu wake, na mpunga vivyo hivyo. Je, mabaki yakiadimika, tanuri letu litalishwa nini? Twachelea kwamba jibu litakuwa mikoko na miti ya misitu yetu michache.

Kwa hiyo twaiomba Serikali, kabla ya kibali chochote kutolewa, itake mambo manne. Kwanza, ihesabiwe ni mabaki kiasi gani yanayosalia baada ya kamba, mifugo na mbolea kupata sehemu yake. Pili, kibali kitaje kitakachochomwa nje ya msimu, na kipige marufuku miti ya asili. Tatu, mtambo uwe na vichujio, moshi upimwe, na matokeo yafikishwe kwa wananchi katika shehia zao. Nne, majivu yapimwe, na yakiwa salama yarudishwe mashambani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 imekwisha kufungua njia ya tathmini ya namna hiyo. Kilichobaki ni kuitekeleza kwa dhati, wala si kujaza karatasi tu.

Hatupingi umeme wa mabaki ya shamba. Kiwanda kidogo kinachojiendesha kwa makapi yake chenyewe kinastahili kuungwa mkono. Tunachopinga ni pupa. Kisiwa hakina shamba jingine la kuhamia udongo wake ukichoka, wala msitu mwingine ukimalizika huu uliopo. Tulikwisha kuonja giza. Tusiruke majivu tukakanyage moto.